Nyuso Kwenye Gunia

Gathecha alikuwa msituni, na uso wake ulikuwa ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa ukumbi wa Waafrika pale Thika, mwaka wa hamsini na nne, Emergency, ile hali ya hatari ya kuwasaka Mau Mau, ikiwa imewakaba watu koo. Aliyeupigilia uso huo misumari alikuwa Jeconia, Mjaluo aliyekuwa akipiga chapa magunia katika shamba moja la kahawa upande wa Ruiru. Aliupigilia Jumamosi asubuhi, kwa mikono yake mwenyewe, huku akipiga mluzi.

"Vuta upande wa kulia," Kaleli alimwambia kutoka chini. "Harusi yako imelala kama imelewa."

"Ni ukuta wenyu umelewa. Picha iko sawa."

"Basi walevi ni wawili. Vuta."

Kaleli alikuwa Mkamba, fundi wa kuchonga. Alikuwa ameketi kwenye benchi akiwapanga twiga wake kwa urefu kama watoto wa shule. Misumari ilikuwa yake, nyundo yake, na hakuacha kumkumbusha Jeconia jambo hilo.

Mwenye wazo la ukuta alikuwa memsabu wa Maendeleo ya Wanawake, mzungu mmoja mwembamba aliyekuwa akizunguka makambini mwa vibarua kufundisha wanawake kufuma, kuchemsha maji na kupima watoto uzito. Alikuwa ameona kwamba ukumbi ule una kuta nne, na kazi yake ni kuegemewa na walevi siku za dansi. Akaomba ukuta mmoja. Watu wa hapa wanaojua kuchora, kuchonga au kufinyanga, akasema, watu ambao hakuna aliyewahi kusikia majina yao, wapewe nafasi hapo, kazi zao zitazamwe. Mwezi mmoja hawa, mwezi unaofuata wengine. Alisema hivyo kwa moyo safi. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu moyo safi ulifanya kazi kubwa siku ile.

Picha ya Jeconia aliiona katika laini za vibarua, safu za vibanda vyao pale shambani, imetundikwa juu ya kitanda.

"Hii wewe nachora?" aliuliza.

"Ndiyo, memsabu."

"Nani nafundisha wewe?"

"Hakuna. Mkono tu."

Lilikuwa gunia la kahawa lililofumuliwa mshono, likapakwa uji wa unga mara nyingi hadi likakauka gumu kama ngozi, ili rangi isinywewe. Rangi nyeusi ilikuwa wino wa kupigia chapa. Nyekundu ilikuwa masalio ya rangi ya mabati ya nyumba ya bwana. Nyeupe ilikuwa chokaa. Mbingu alizipaka kwa bluu ya kufulia, aliyopewa na mkewe Aketch baada ya ugomvi wa siku nzima.

Picha ilionyesha harusi ya Bedan na Wamboi, majirani zake, iliyofanyika kabla ya Emergency. Bwana harusi kavaa koti la kuazima, bibi harusi kashika maua, nyuma yao lango la migomba lililofungwa kwa kamba na kupambwa, kama malango yanavyojengwa kila palipo na harusi ya kanisa. Ilitakiwa iwe picha ya watu wawili. Lakini laini za vibarua hazina siri wala hazina kuta za maana, na Jumapili Jeconia alipotoa brashi yake mlangoni, watu walikuja kusimama nyuma yake.

"Fundi, na mimi uniweke."

"Wewe hukuwako, Wangeci. Ulikuwa na malaria."

"Kwani picha inajua nilikuwa na malaria?"

Akamweka. Kisha Wamboi akaja na mtoto wake, aliyezaliwa mwaka wa pili baada ya harusi, akasema haiwezekani harusi ya baba na mama iwe na watu wote isipokuwa mtoto. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Jeconia akamchora mtoto mgongoni mwa Wangeci, akihudhuria harusi ya wazazi wake. Mburu, mbeba mbolea, alikuja mwisho na wenzake wawili, jua likizama na mkono umechoka. Jeconia aliwachora haraka haraka, bila shingo, na tangu siku hiyo Mburu hakumpa amani.

"Jamani Jeconia, huyu ni mimi ama ni mbuzi wa chifu?"

"Kaa vizuri siku nyingine."

"Nikae vizuri vipi na umeninyima shingo?"

Aliyekaa vizuri alikuwa Njambi, mama mzee muuza uji. Alikaa Jumapili baada ya Jumapili, kimya, mikono mapajani. Uso wake ukatoka kuliko nyuso zote. Ulipokamilika alileta uji kwenye kibuyu, akamngoja Jeconia anywe amalize.

"Mjaluo," akasema, "kando yangu kuna nafasi."

"Nani asimame hapo, mama?"

Njambi alitazama huku na huku.

"Yule wa Mombasa."

Laini nzima ilijua nani yuko Mombasa, na laini nzima ilijua kwamba Mombasa ile haikuwa na bahari. Gathecha, mwanawe wa pekee, alikuwa akibeba magunia hapo shambani hadi alipoondoka usiku mmoja bila kuaga. Kwenye kipande chake, kile cheti cha kazi, aliandikisha kwamba hana baba wala mama. Serikali ilimtafuta, haikupata jamaa wa kumbana. Njambi aliuza uji akiitwa Njambi tu, na hakuna aliyemwita mama Gathecha tena. Watu wengine walishaswagwa kwa kosa dogo kuliko hilo, nyumba zikachomwa. Kwa hiyo watu walifunga midomo, Wakikuyu na Wajaluo na Wakamba, na Njambi akawa mama asiye na mtu.

"Mama, hii ni hatari," Jeconia alimwambia.

"Najua. Lakini sina picha yake hata moja. Nikimwota ananipa kisogo. Kila nikimwota, kisogo tu."

Jeconia alimkumbuka vizuri. Walifanya kazi ghala moja. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa na waya, kipande kimetoka kama kimeng'atwa. Alimchora kando ya mama yake, sikio na kovu lake. Na kwa kweli si uongo, maana Gathecha harusini alikuwako, alicheza hadi akavunja kiatu. Aketch alipoiona picha aliweka sufuria chini.

"Asiyekuwako humweki karibu na waliopo," akasema. "Utakuja kuniambia."

"Ni picha tu. Nani wa serikali atakuja kutazama picha ya vibarua?"

Na kweli hakuna ambaye angekuja. Ila memsabu, kwa fahari, alimwalika Bwana Shauri, ofisa wa wilaya.

Alikuja saa za mchana, kijana wa kizungu mwenye nywele nyekundu na kaptula iliyopigwa pasi ya kukata. Nyuma yake alikuja Muhoro, kiongozi wa gadi, wale askari wa kienyeji wa serikali, bunduki begani. Muhoro zamani alikuwa kuli wa stesheni, alikuwa akipokea magunia ya mashamba yanapoletwa kupakiwa kwenye behewa. Hakuwahi kuishi Ruiru.

Ukumbi ukapungua sauti. Memsabu akawazungusha, akicheka, akionyesha hiki na kile. Bwana Shauri alimchukua twiga mmoja, akampapasa shingo, akasema mzuri. Kaleli akainama hadi karibu aanguke benchini. Wakafika kwenye gunia.

"Hii nini?"

"Harusi, bwana," Jeconia akajibu.

"Hii nini hapa? Hii mugomba?"

Kila mtu mle ndani alijua maana ya lango la migomba mwaka ule. Waliokula kiapo cha watu wa msituni, ilisemwa, walipitishwa chini ya lango kama hilo, na mtu alikamatwa kwa kukutwa na migomba iliyoinamishwa nyuma ya nyumba hata kama ni upepo ulioiinamisha.

"Ni mlango wa harusi, bwana. Ya kanisa. Kila harusi wanajenga."

Memsabu akaingilia kwa Kizungu, haraka haraka, akionyesha kwa kidole. Bwana Shauri alisikiliza. Kisha akacheka. Akawageukia watu akasema hata yeye alijengewa lango la migomba siku alipofika, na hakula kiapo chochote isipokuwa keki. Watu wakacheka kwa nguvu kuliko mzaha ulivyostahili. Jeconia akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Muhoro hakucheka. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse gunia.

"Effendi," akasema. "Sikio."

"Sikio nini?"

"Huyu ni Gathecha. Namjua. Nimetwikana magunia na huyu."

Bwana Shauri akaacha kucheka kama mtu aliyefunga mfereji.

"Wewe. Huyu nani?"

"Ni mtu tu, bwana."

Muhoro alimpiga kofi, si la nguvu sana, la kumwamsha.

"Ni Gathecha," Jeconia akasema. "Alikuwa kuli mwenzangu. Lakini bwana, hii harusi ni ya zamani. Ni kabla ya Emergency. Wakati huo Gathecha alikuwa mtu wa kazi kama mimi. Hata mchungaji aliyewafungisha ndoa yuko, muulizeni."

Lilikuwa jibu zuri, na zaidi ya hapo lilikuwa kweli. Bwana Shauri alilipima. Akatazama picha, akamtazama memsabu, na usoni mwake ilionekana kwamba alitaka kwenda kula. Memsabu aliona hivyo, akaona sasa kidogo tu kinahitajika, neno jema moja la kumaliza. Akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie:

"Hii mutu ni fundi kabisa! Ona hii toto. Hii toto mimi najua! Ni ya Wamboi. Mimi mwenyewe napima yeye mwaka jana, alikuwa ndogo kama paka. Sawasawa kabisa!"

Bwana Shauri akamtazama mtoto mgongoni mwa Wangeci.

"Mwaka jana," akasema.

"Bwana, huyo nilimwongeza," Jeconia akasema. "Mama yake aliomba. Hakuwa amezaliwa. Ilikuwa mchezo."

"Nachora mutu hayuko?"

"Ndiyo, bwana."

"Na wewe hapana ona yeye hapo?"

"Sikumwona. Nilimweka tu."

"Basi mimi najua namna gani nani alikuwa na nani hapana?" Sasa alisema polepole, kwa upole karibu. "Hii toto nazaliwa mwaka jana. Gathecha naingia forest mbele ya hii toto nazaliwa. Hapa iko toto, iko Gathecha, iko mugomba. Wewe nasema harusi. Mimi naona kiapo."

Baadaye memsabu alisema kwamba hakuelewa, na inawezekana hakuelewa.

"Nani alikuambia umweke Gathecha?" Muhoro akauliza.

"Hakuna."

"Nani?"

"Nilimkumbuka tu. Ana sikio ambalo mkono unapenda kulichora."

Muhoro akamwekea mkono wa kulia juu ya benchi, kati ya twiga, akaushindilia kwa kitako cha bunduki. Mara ya kwanza Jeconia alipiga kelele. Mara ya pili hakupiga. Twiga wawili walianguka, Kaleli akawaokota bila kuinua macho. Jeconia alisema tena hakuna.

"Basi," Bwana Shauri akasema. "Ng'oa hii. Twende Ruiru."

Watu wa laini walikuwa wamerudi kutoka kuchuma, miguu bado ina udongo, moshi wa jioni ukianza kupanda. Gadi waliwatoa nje wote, wakawapanga mstari mbele ya ghala. Picha walitundika kwenye mlango wa ghala.

Siku zile watu walimjua gakunia, mtu anayevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Mnapita mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa, umekwisha, na hutajua kamwe ni nani aliyekuuza. Leo gunia lilikuwepo, lakini ndani hapakuwa na mtu. Aliyewauza alisimama kando, wazi, mkono umevimba kama mkate, na kila mtu alimjua.

"Mmoja mmoja," Muhoro akaita. "Simama. Tazama mbele. Geuka."

Bedan alisimama. Bwana Shauri alitazama mlangoni, akamtazama yeye. Jeconia alikuwa amehangaika na pua ile ya Bedan wiki mbili, mfupa wake uliopinda, na aliipata. "Huyu." Wamboi akaja, mtoto kifuani. "Huyu." Alipovutwa, alimsukumia Aketch mtoto, na Aketch akampokea bila neno, kama mtu anayepokezwa mzigo barabarani. Wangeci, ambaye siku ya harusi alikuwa kitandani anatetemeka, alisimama akitetemeka tena. Alikuwa na mwanya mzuri kati ya meno, na mwanya ulikuwa pichani. "Huyu."

"Mimi sikuwako!" Wangeci akalia. "Jeconia, waambie! Nilikuwa mgonjwa!"

"Hakuwako, bwana," Jeconia akasema. "Nakuapia kwa Mungu hakuwako."

"Nyamaza. Mimi iko na macho."

Wachumaji watatu wakafuata, huyu, huyu, huyu. Kila mstari aliouweka sawasawa ulimtoa mtu kwenye foleni.

Kisha akaja Mburu. Bwana Shauri alimtazama kwa muda mrefu, akarudi kwenye picha, akatazama yale macho ya mbuzi na kichwa kilichokaa juu ya mabega bila shingo.

"Pita."

Mburu hakusogea.

"Pita, wewe!"

Akapita. Wenzake wawili waliochorwa naye jioni ile walipita pia. Walikwenda kusimama upande wa pili, karibu na pipa la maji, na hakuna kati yao aliyeweza kuwatazama wengine.

Njambi alikuwa nyuma. Alikuja polepole, akasimama, akageuka kama alivyoambiwa. Bwana Shauri aliinua kidole, na Jeconia akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia:

"Huyo sikumchora, bwana! Huyo pichani ni mama yangu mzazi. Yuko kwetu, Nyanza. Nilimweka kwa sababu nilimkumbuka."

Kidole kikasita. Ulikuwa uongo wa kipumbavu. Lakini Bwana Shauri alikuwa amechoka, jua lilikuwa usoni mwake, na kwake yeye wanawake wazee weusi walikuwa mwanamke mzee mmoja. Muhoro alimtazama Njambi juu hadi chini na hakupata chochote, maana hakumjua.

"Pita, mama," Bwana Shauri akasema.

Njambi akapita. Mburu alimsogelea kidogo amfanyie nafasi kando ya pipa. Yalikuwa yamekwisha. Lori lilikuwa limewashwa.

"Hii uso ya Gathecha," Bwana Shauri akamwambia Muhoro. "Kwa kituo hapana picha yake. Kata. Pole pole, hapana haribu."

Muhoro akachomoa kisu. Uji ulikuwa umeligandisha gunia vizuri, ikabidi alisukume kwa nguvu. Kisu kiliingia hapo kati, baina ya bega la mama na bega la mwana, kikaanza kupanda kuelekea sikio. Kililia kama kinakata ngozi.

"Usikate."

Watu waligeuka. Njambi alikuwa ameacha pipa. Mburu alimshika shuka, shuka likabaki mkononi mwake.

"Mama, rudi," Jeconia akasema. "Mama, tafadhali, rudi."

"Wee Mjaluo, nyamaza. Umenitendea mema, sasa nyamaza." Alifika mlangoni akaweka kiganja juu ya gunia, mbele ya kisu. "Huyo hajazaliwa na ukuta. Nimemzaa mimi. Mkimkata, mkate na mimi. Si mnaona nimesimama kando yake?"

Muhoro alimtazama Bwana Shauri. Bwana Shauri aliuliza amesema nini, akaelezwa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu keki.

"Kata," akasema. "Na yeye, weka kwa lori. Mbele."

Usiku ule waliichoma nyumba ya Njambi, ingawa ilikuwa ya shamba wala si yake, na vibuyu vyake vya uji vikalia kwa kupasuka.

Ilivyogharimu ni hivi.

Picha ilikuwa na nyuso kumi na mbili. Saba zilipelekwa kambini: Bedan, Wamboi, Wangeci, wachumaji watatu, na Njambi. Wawili kati yao walirudi. Njambi si mmoja wao. Nyuso tatu, zile zilizochorwa vibaya, zilibaki shambani kubeba mbolea, na Mburu hakufanya tena mzaha kuhusu shingo. Uso mmoja, wa mtoto, ulilelewa na Aketch.

Jeconia alipoteza vidole viwili, na kazi. Alipewa siku mbili aondoke, yeye na mkewe na mtoto wa watu, akarudi Nyanza. Huko alilima kwa mkono wa kushoto.

Ukuta ulibaki. Mwezi uliofuata walitundika vitambaa vya kufuma, na memsabu akawaambia wasanii wapya kwamba watu hapana, wanyama tu. Kaleli aliuza twiga wote. Misumari yake alirudishiwa.

Uso wa kumi na mbili ulikatwa vizuri, sikio na kovu lake, ukabandikwa kituoni nyuma ya meza. Hiyo ndiyo picha pekee ya Gathecha iliyowahi kuwapo. Mama yake hakuachiwa hata uzi.